Sura ya Saba: Msimbo Haupungui, Mikono Ndiyo Hupungua

Modemu za intaneti zilizouzwa na Safaricom, kabla simu janja hazijaziondoa mezani, nyingi zilitengenezwa na Huawei, na zilikuwa na tabia moja iliyowachosha watu wa Linux. Ukiichomeka modemu ya aina ya E1550 kwenye kompyuta, haikujitambulisha kuwa modemu. Ilijitambulisha kuwa CD. Ndani ya CD hiyo ya uongo mlikuwa na programu ya Windows ya kuisakinisha modemu yenyewe, na mtumiaji wa Windows alifurahi kwa kuwa hakuhitaji kutafuta diski wala kupakua chochote. Kwa kompyuta ya Linux, tuseme iliyokuwa kwenye saiba ya Keroka huku mwanafunzi akisubiri kutuma maombi ya mkopo wa HELB, CD hiyo haikuwa na maana yoyote. Ilibidi pawe na wa kuiambia modemu iache mchezo. Kazi hiyo ilifanyika hivi: kerneli, yaani kiini cha mfumo, ilitangaza kwamba kimeingia kifaa chenye namba 12d1:1446, ile ya kwanza ikimtaja mtengenezaji na ya pili ikitaja kifaa. Msimamizi wa vifaa alilipokea tangazo, akapekua kanuni zake, akakuta kwamba namba hiyo ni ya modemu iliyojificha, akaiita programu ndogo iitwayo usb_modeswitch, nayo ikatuma ujumbe mfupi. Modemu ilijitoa, ikarudi na namba 12d1:1001, na sasa mafaili ya /dev/ttyUSB0 na wenzake yakajitokeza, tayari kwa kupiga simu ya data. Mteja wa saiba hakuona lolote. Aliona intaneti imekuja.

Msimamizi huyo wa vifaa, kwenye Linux nyingi za mezani na za seva, anaitwa udev. Ni programu ambayo mtu anaweza kuitumia miaka ishirini bila kulisikia jina lake, na bado kuanzia mwaka 2012 iligombaniwa kwa ukali ambao watu wa nje hawakuuelewa. Wengine waliuona ugomvi ule kuwa vita vya ukombozi, wengine waliuona kuwa kelele za wazee wanaoogopa mambo mapya. Nionavyo mimi, pande zote mbili zilikosea shabaha. Wasimamizi mbadala waliozaliwa katika ugomvi huo hawakuishinda udev, na hawataishinda. Thamani yao iko kwenye jambo jingine: wamekuwa ushahidi unaotembea kwamba mpaka kati ya kerneli na programu zilizo juu yake uko wazi kwa yeyote. Na pale walipofifia, hawakufifia kwa kushindwa hoja. Walififia kwa kukosa watu wa kufanya kazi ya kila wiki.

Chanzo cha yote ni desturi ya Unix ya kukifanya kila kifaa kuwa faili. Diski ni faili, kibodi ni faili, printa ni faili, na mafaili hayo yote hukaa kwenye saraka ya /dev. Zamani saraka hiyo ilijazwa mapema, kwa kukisia. Mtengenezaji wa mfumo aliweka humo majina ya vifaa vyote ambavyo mtu yeyote, popote, angeweza kuwa navyo, na mtumiaji alibaki na maelfu ya mafaili yasiyoelekea popote. Mwaka 2003, Greg Kroah-Hartman alipokuwa akiitetea udev kwenye mkutano wa Linux mjini Ottawa, alionyesha kwamba mfumo wa Red Hat 9 ulikuwa na zaidi ya mafaili 18,000 ndani ya /dev. Kompyuta yenyewe pengine ilikuwa na vifaa mia moja. Jaribio la kulitatua hilo lilikuwa limeshafanyika: devfs, kazi ya Richard Gooch, iliingia kwenye kerneli mwaka 2000 na kuyaunda mafaili hayo kadiri vifaa vilivyopatikana. Kosa lake lilikuwa kuweka uamuzi wa majina ndani ya kerneli. Aliyetaka printa yake iitwe vingine alikuwa anabishana na kiini cha mfumo. Udev iligeuza mambo: kerneli itangaze tu, na programu ya nje iamue jina, ruhusa na hatua za kufuata. Devfs iliondolewa kabisa mwaka 2006, na ni wachache walioililia.

Msomaji aliyezoea siasa za programu huria atatambua kwamba hapa palikuwa tayari na mzozo, na kwamba ulikwisha vizuri kwa sababu moja. Udev ilisimama upande wa nje wa mpaka, na mpaka wenyewe ulikuwa wa wote. Tangazo la kerneli, linaloitwa uevent, ni maandishi mafupi: kitendo (kimeingia, kimetoka, kimebadilika), mahali kifaa kilipo, aina yake. Programu yoyote yenye ruhusa inaweza kulisikiliza. Busybox, ule mkusanyiko wa zana ndogo unaotumika kwenye vifaa vyenye kumbukumbu finyu, ulikuwa na msimamizi wake aitwaye mdev, na kanuni zake zinasomeka hata kwa anayeanza. Mstari kama «sd[a-z].* root:disk 660» unasema kwamba kila diski au flashi itakayoingia iwe mali ya root, kikundi cha disk kiruhusiwe kusoma na kuandika, wengine wasiguse. Mwisho wa kanuni. Udev inaweza mengi zaidi ya hayo, na kwa kompyuta ya mezani yenye skrini mbili, vipaza sauti vya bluetooth na kamera, mengi hayo yanahitajika kweli. Mwaka 2009 kerneli ilianza hata kuunda mafaili ya msingi yenyewe, kwa njia ya devtmpfs, ikimwachia msimamizi kazi ya ruhusa, majina ya ziada na kupakia viendeshi.

Aprili 2012 udev ilihamishiwa ndani ya mradi wa systemd. Systemd, iliyotangazwa na Lennart Poettering mwaka 2010 akishirikiana na Kay Sievers, mtunzaji wa udev wakati huo, ilianza kama programu ya kuwasha mfumo na kusimamia huduma zake, kisha ikaendelea kumeza kazi nyingine. Toleo la mwisho la udev lililosimama peke yake lilikuwa 182, na toleo lililofuata, 183, lilikuwa la systemd yenye udev tumboni. Wahusika waliahidi kwamba udev ingeendelea kufanya kazi bila systemd. Wengi hawakuamini, na walikuwa na sababu. Wakati huohuo kulikuwa na mvutano juu ya udev kushindwa kupakia programu za ndani za baadhi ya vifaa kwa wakati. Linus Torvalds, mwanzilishi wa kerneli ya Linux, alikasirika waziwazi Oktoba 2012, na kerneli 3.7 ya Desemba mwaka huo ikaanza kuzipakia yenyewe. Januari 2013 toleo la 197 la systemd likabadilisha majina ya mitandao, eth0 iliyozoeleka ikawa kitu kama enp3s0. Mabadiliko hayo yalikuwa na mantiki, kwa maana kwenye seva yenye kadi nne za mtandao majina ya zamani yaliweza kubadilishana kila unapowasha. Lakini fundi wa kompyuta moja yenye kadi moja, aliyekuwa na hati zake za amri alizoziandika kwa miaka, aliona amevunjiwa kazi kwa faida ya mtu mwingine.

Kwenye mfumo wa Gentoo, ambao watumiaji wake hujenga kila programu kutoka kwenye msimbo, jibu lilikuja Desemba 2012. Kikundi cha watunzaji kilichukua msimbo wa udev, kikauchomoa kutoka kwa systemd, na kuuita eudev. Madai yao yalikuwa ya kawaida sana ukiyaondolea joto: wenye /usr kwenye sehemu tofauti ya diski waendelee kuwasha mashine zao kama zamani, wanaotumia maktaba za C zilizo nje ya glibc waweze kuijenga, na asiyetaka systemd asilazimishwe. Mwaka 2014 mfumo wa Debian ulipoichagua systemd, tena kwa kura ya uamuzi ya mwenyekiti wa kamati ya ufundi, kundi jingine lilijitenga na kuunda Devuan, ambayo baadaye iliikumbatia eudev. Palikuwa na majaribio mengine pia. Jude Nelson aliandika vdev kuanzia mwanzo kabisa, ikiwa na mawazo mazuri, ikakwama. Laurent Bercot aliandika mdevd, ndogo na safi, na bado ipo.

Katika kaunti za Kisii na Nyamira hakuna haja ya kueleza maana ya kugawana. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, na Kisii ilizidi watu 900 kwa kila kilomita ya mraba. Shamba ambalo babu alilima majani chai, ndizi na mahindi, na bado likabaki na malisho, limekatwa kwa wana, kisha kwa wajukuu, hadi vipande vingine havitoshi hata kulisha nyumba iliyojengwa juu yake. Katiba ya 2010, ibara ya 68, iliagiza Bunge litunge sheria ya kiwango cha chini na cha juu cha ardhi ya mtu binafsi, na kila mara jambo hilo likizushwa hapa Gusii, katika kaunti hizo mbili, huleta joto, maana hakuna mwana anayetaka kuwa wa kwanza kuambiwa hapati. Kwa hiyo msomaji wa huku akisikia kwamba kundi limejitenga na mradi, fikra ya kwanza ni kipande kilichopungua. Hapo ndipo ulinganisho unapokatika, na ni vizuri kuona unakatikia wapi. Gentoo walipochukua msimbo wa udev, udev haikupungua hata mstari mmoja. Kila upande ulibaki na shamba zima. Kilichogawanyika ni walimaji. Aliyekuwa akirekebisha hitilafu upande huu hakuweza wakati uleule kuirekebisha upande wa pili, na kila kanuni mpya ya kifaa kipya iliyoandikwa kule ilibidi mtu aihamishe huku kwa mkono, aijaribu, aitolee toleo. Wazazi wa Gusii wanajua kugawa ardhi ambayo haiongezeki. Eudev iligawa muda wa watu, nao ni haba kuliko ardhi.

Tazama jinsi ilivyokwenda. Kwa miaka mingi mzigo wa eudev ulibebwa na watu wachache, Anthony Basile akiwa mbele yao. Kazi yao kubwa haikuwa kubuni. Ilikuwa kufuatilia mabadiliko ya udev ndani ya systemd na kuamua lipi lihamishwe, lipi liachwe, kazi isiyo na sifa wala makofi. Linux From Scratch, mwongozo wa kujijengea mfumo wako mwenyewe, waliitegemea. Watu wa mfumo wa Alpine waliiweka kwenye hazina yao kwa wanaoihitaji. Lakini upande wa systemd mabadiliko yalizidi kuja, na mwaka 2021 Gentoo wenyewe, waliouzaa mradi, walitangaza kwamba wanaiacha, na mwanzo wa 2022 ndio ungekuwa mwisho wake kwao. Sababu walizozitoa hazikuwa za kiitikadi. Mradi ulikuwa hauna mtunzaji wa kutosha, na viraka vya kuiwezesha udev ya systemd kujengwa kwa musl, mojawapo ya maktaba za C zilizo nje ya glibc, vilikuwa vimepatikana, kwa hiyo ile sababu kubwa iliyobaki ya kuwa na eudev ilikuwa imeyeyuka. Watu kutoka Devuan, Alpine na wachache wa Gentoo waliuchukua mradi, nao unaendelea hadi leo kwa mwendo wa taratibu. Linux From Scratch, kwenye toleo lao la 12.0 la mwaka 2023, walirudi kwenye udev inayochomolewa kutoka systemd.

Mpinzani wa kwanza ana hoja nzito hapa, na haifai kuipuuza. Atasema: basi miaka tisa ya Gentoo ilipotea. Watu wale wale wangeweza kutuma viraka vyao kwenye systemd, wakabishana na Poettering kadiri walivyopenda, na mwishowe kila mtu angepata udev moja iliyo bora zaidi. Ukweli ni kwamba viraka vya musl havikuwa vikipokelewa kwenye systemd katika miaka hiyo. Watunzaji wake walisema wazi kwamba wanalenga glibc, na kwamba tofauti za maktaba nyingine zitatuliwe huko huko. Hiyo ni haki yao, kwa kuwa kila mtunzaji ana haki ya kukataa mzigo. Lakini aliyekataliwa hana njia ya kuchangia isipokuwa kujitenga au kuacha. Hoja ya kupoteza nguvu inadhani kwamba nguvu zile zingepokelewa upande wa pili, na ushahidi haukubaliani nayo. Ningekubaliana na mpinzani kwa sehemu moja tu: pale ambapo kujitenga kulikuwa kwa hasira zaidi ya haja, kazi ilikufa haraka, na vdev ni jirani wa karibu wa mfano huo, ingawa ubora wake ulistahili maisha marefu zaidi.

Mpinzani wa pili ni mwerevu zaidi. Atasema uhuru haukuhitaji mradi wowote mbadala, kwa kuwa leseni tayari inautoa. Msimbo wa udev uko wazi, na siku systemd itakapokuwa mbaya kweli, mtu atachukua msimbo na kujitenga siku hiyo. Kwa nini kuulisha mradi wa akiba miaka yote hiyo? Nguvu ya hoja hii imeongezeka, kwa sababu hofu kubwa ya 2012 haikutimia. Gentoo leo wanaijenga udev peke yake kutoka kwenye msimbo wa systemd na inafanya kazi kwenye mashine zisizo na systemd, na ahadi ya mwanzo, kwa jinsi mambo yalivyo sasa, imeheshimiwa. Mwaka 2014 palikuwa na mpango wa kuhamisha mawasiliano kati ya udev na programu zinazoisikiliza kwenda kwenye njia mpya iitwayo kdbus, na Poettering aliwatahadharisha watu wa Gentoo kwamba baada ya hapo udev bila systemd isingeungwa mkono. Kdbus haikuwahi kuingia kwenye kerneli, iliondolewa mezani mwaka 2015, na tishio likafa nalo. Hata hivyo, angalia ni nini kilichozuia. Ahadi haikuhusika. Watu wa kerneli waliipinga kdbus kwa sababu zao za kiufundi, na laiti wangeikubali, wasio na systemd wangehitaji mbadala ulio hai mwaka uleule. Mradi wa akiba unaoanza siku ya shida huanza na watu ambao hawajawahi kuisoma kanuni moja ya udev. Leseni hukupa ruhusa ya kulima, haikufundishi kulima. Eudev ilikuwa mahali ambapo ujuzi huo ulikaa kwa watu wengine nje ya systemd, na ndiyo maana Gentoo walipoondoka palikuwa na wa kupokea.

Wa tatu, na huyu ndiye atakayesikika zaidi Kisii, atauliza haya yote yanamhusu nani. Mwalimu wa somo la kompyuta wa Nyamira ana chumba chenye mashine za mitumba, Windows kwenye nyingi, Ubuntu kwenye chache, na Ubuntu inatumia udev ya systemd bila mwanafunzi yeyote kupungukiwa na kitu. Mwanafunzi wa Kisii National Polytechnic anayejifunza mitandao atafundishwa systemctl, amri ya systemd, kwa sababu ndiyo itakayomkuta kazini. Yote ni kweli. Lakini atoke nje ya chumba hicho aende Daraja Mbili siku ya soko. Kila simu ya Android iliyo mikononi mwa wauzaji, Tecno, Infinix au Samsung, ina kerneli ya Linux ndani yake, na hakuna hata moja inayotumia udev. Android ina msimamizi wake, ueventd, anayesoma mafaili ya kanuni yaitwayo ueventd.rc na kuamua nani aruhusiwe kugusa kamera, kipaza sauti na modemu ya simu. Ruta zinazotumia OpenWrt nazo hupokea matangazo ya kerneli kwa programu yao iitwayo procd. Alpine, ambayo kompyuta kongwe ya biti 32 bado inaweza kuipokea wakati Ubuntu ilishaacha kutoa diski za aina hiyo tangu 2017, huanza na mdev. Kwa idadi ya mashine, wasimamizi walio nje ya udev ndio wengi duniani, na hakuna mtu aliyepiga kelele, kwa sababu tangu mwanzo waliishi mahali ambapo udev haikufika.

Ushahidi huo ndio unaonifanya niseme kwamba kitu cha kulinda ni mpaka. Google haikuomba ruhusa ya watunzaji wa udev kuandika ueventd. Tangazo la kerneli lilikuwa hapo, limeandikwa, linaheshimiwa, na Torvalds amekuwa mkali kwa miaka yote juu ya kuvunja kitu ambacho programu za nje zinakitegemea. Mpaka unaotumiwa na mmoja tu huhama taratibu kumfuata huyo mmoja, bila mtu kukusudia ubaya. Ukitumiwa na watano, hauhamiki kirahisi. Mdev, mdevd, eudev, procd na ueventd ni wale watano, na kila mmoja wao, hata aliye dhaifu, ni sababu ya kerneli kutobadilisha umbo la tangazo lake.

Upande wa juu wa mpaka hali ni ngumu zaidi, na hapa nadhani wapigania mbadala wa 2012 walielekeza macho mahali pasipo. Waligombania programu ya usuli, ile inayosikiliza na kutenda. Kifungo halisi kilikuwa kwenye maktaba yake, libudev. Seva ya picha ya Xorg, tangu toleo la 1.8 la mwaka 2010, huitumia kujua kibodi na kipanya vipo wapi. Libinput, inayosoma miguso na mibofyo kwenye mazingira mengi ya kisasa, haijengeki bila hiyo. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na mdev nzuri kabisa na kipanya chake kikakaa kimya, kwa sababu libudev haina wa kuijibu. Ndiyo maana suluhisho lenye akili kuliko yote, kwa maoni yangu, lilikuja kimya kimya: libudev-zero, maktaba inayojibu maswali yale yale ya libudev kwa kusoma moja kwa moja yale ambayo kerneli inayaonyesha, bila udev nyuma yake. Haifanyi kila kitu, na wenye vifaa vingi vya ajabu watakwama. Lakini inaonyesha kwamba hata mpaka wa juu unaweza kufunguliwa, mradi umbo la maswali linajulikana na halibadilishwi ovyo. Laiti nguvu za miaka ile zingeelekezwa kwenye kuandika umbo hilo kama mkataba wa wote badala ya kubishana nani ana haki ya jina, huenda tungekuwa mbele zaidi.

Msomaji makini atakuwa ameona pengo katika hoja yangu. Nimeitumia Android kuonyesha kwamba mpaka wa kerneli uko wazi, na ni wazi kweli, kwa Google na kwa kiwanda cha simu. Mwenye simu yuko upande mwingine kabisa. Mafaili ya ueventd.rc ya kiwanda hukaa kwenye sehemu ya mfumo isiyoandikika, na simu inapowaka huhakikisha kwamba hakuna herufi iliyoguswa. Ikikuta tofauti, hutoa onyo au hukataa kuwaka. Kinga hiyo ina maana, kwa kuwa simu ndiyo inayobeba M-Pesa ya mwenyewe, na mtu aliyebadilisha kanuni za nani aguse modemu angeweza kufanya madhara makubwa. Hata hivyo matokeo yake ni ya ajabu. Kompyuta ya miaka kumi na tano iliyo kwenye maabara ya shule Nyansiongo, yenye betri iliyokufa na kibodi iliyokosa herufi mbili, mwenyewe anaweza kuiondolea udev jioni hii, akaweka mdev, akaandika kanuni tatu kwa mkono na kuiwasha upya. Simu mpya aliyoinunua kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo kila siku, na ambayo muuzaji anaweza kuifunga akichelewesha malipo, ina msimamizi mbadala wa vifaa anayefanya kazi barabara, na mwenyewe haruhusiwi kubadilisha hata mstari mmoja wa kanuni zake.